Gridi Isiyo ya Umeme: Jinsi Kurasa za Jarida Zinavyopangwa

Kwa Mtanzania wa leo neno gridi lina maana moja kubwa: umeme. Gridi ya Taifa ikipata hitilafu mikoa inaingia gizani, na siku hiyo kila kijiwe kinalitamka neno hilo. Kisha kuna gridi ya simu, ile mistari minne inayokigawa kioo cha kamera vyumba tisa. Vijana wa Instagram nao wana ya kwao, wakimaanisha jinsi picha zinavyojipanga kwenye ukurasa wa mtu. Ndiyo maana ninapokaa na watu wanaotaka kuanzisha jarida, liwe la shule, la kwaya, la msikiti au la chama cha ushirika, nikisema "tuanze na gridi" naona nyuso zinatazamana. Wapo wanaodhani nazungumzia programu ya kununua. Wapo wanaodhani ni mistari itakayochapwa. Na wengi zaidi wanadhani ni mtindo wa kizungu wa kuzifanya kurasa zote zifanane.

Tuliweke sawa mapema. Gridi ya ukurasa ni mistari ya vipimo inayochorwa juu ya ukurasa mtupu kabla ya neno lolote au picha yoyote kuingia. Haichapwi, na msomaji haioni kamwe. Kazi yake ni kumwambia msanifu kurasa maandishi yaanzie wapi na yaishie wapi, picha iwe na upana gani, kichwa cha habari kisimame usawa wa nini. Fundi ujenzi akishapiga kamba kiwanjani, hakuna tofali hata moja lililolazwa, lakini tayari unaona sebule itakaa wapi na choo kitakuwa upande gani. Nyumba ikiisha kamba huioni tena, ila kila ukuta umesimama pale kamba ilipopita.

Kuona faida yake hakuhitaji utaalamu. Chukua jarida lililochapwa kwenye karatasi nyepesi, shika ukurasa mmoja mbele ya dirisha mchana. Mwanga ukipenya utaona kivuli cha maandishi ya upande wa pili. Jarida likiwa limepangwa vizuri, mistari ya nyuma inajificha nyuma ya mistari ya mbele, na nafasi nyeupe kati yake inabaki nyeupe. Likiwa halikupangwa, mistari ya nyuma inachungulia katikati ya ile ya mbele, na ukurasa unaonekana mchafu hata kama mpiga chapa hakukosea chochote. Jarida la kwanza nililopanga mimi lilitoka hivyo. Nililiona tatizo nakala zikiwa zimeshafungwa mabunda. Msomaji mmoja, mzee aliyezoea kusoma kila kitu mpaka matangazo ya vifo, aliniambia maandishi yake "yanacheza". Hakujua sababu, na wakati ule nami sikuijua. Ilikuwa hii.

Sehemu za gridi

Anza na pambizo, yaani ukingo mtupu unaozunguka maandishi. Tandaza khanga kitandani: pindo limezunguka pande zote, mji uko katikati, jina limekaa mahali pake. Likate pindo uone kama bado ni khanga. Pambizo ndiyo pindo la ukurasa, isipokuwa lenyewe halina upana sawa pande zote. Upande wa ndani, penye mkunjo na pini, panahitaji nafasi kubwa zaidi kwa sababu karatasi hujikunja pale na kumeza herufi. Chini nako huachwa pakubwa kuliko juu, maana ndipo vidole gumba vya msomaji vinaposhika. Na kama vile khanga inavyokuja doti, kurasa mbili zinazotazamana huonekana kwa jicho moja. Usipange wa kushoto ukasahau wa kulia.

Ndani ya pambizo kuna safu. Hizi ni sehemu ndefu zilizosimama, ambamo maandishi hushuka kutoka juu kwenda chini. Msuka mkeka hasuki upana wote kwa mkupuo. Anasuka ukili mrefu wenye upana mmoja, kisha anaushona ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ufike upana anaoutaka. Safu ni ukili wa ukurasa: zote zina upana mmoja, na unaamua ni ngapi za kuunganisha.

Kati ya safu na safu kuna nafasi ndogo tupu. Mimi naiita kichochoro, kwa sababu inafanya kazi ya vichochoro vya Mji Mkongwe: ni chembamba, lakini bila hicho hujui nyumba ya huyu inaishia wapi na ya yule inaanzia wapi. Kikibana sana, jicho linavuka na kusoma sentensi ya jirani. Kikipanuka sana, safu mbili za habari moja zinaonekana kama habari mbili zisizojuana.

Hayo ni ya kwenda kulia na kushoto. Kwa kwenda juu na chini, kipimo cha kwanza ni mstari wa maandishi wenyewe. Fundi anahesabu kozi za tofali, yaani mistari ya tofali iliyolala, na kozi ya ukuta huu hukutana na kozi ya ukuta wa pili kwenye kona. Mistari ya jarida nayo iwe hivyo: mstari wa kumi wa safu ya kwanza uwe usawa mmoja na mstari wa kumi wa safu ya pili na ya tatu, na ule wa ukurasa wa nyuma. Hapa ndipo lile jaribio la dirishani linapofaulu au kuanguka. Kozi kadhaa zikikusanywa pamoja zinafanya ghorofa. Ghorofa zikikatana na safu, ukurasa unakuwa na vyumba. Picha, nukuu na jedwali hukaa ndani ya vyumba hivyo, chumba kimoja au vingi vilivyounganishwa.

Tujenge moja kwa namba

Maneno matupu hayatoshi, kwa hiyo tuchukue karatasi ya A4 ambayo kila stesheneri inayo: milimita 210 kwa 297.

Upana kwanza. Acha milimita 20 ndani, penye mkunjo, na 15 nje. Zinabaki 175. Zigawe katika safu nyembamba 12, kila moja milimita 10, na kila kichochoro kiwe milimita 5. Hesabu: safu 12 ni milimita 120, vichochoro 11 ni milimita 55, jumla 175. Hakuna kilichobaki.

Hapa watu hushtuka. Safu ya milimita 10, nani atasoma maandishi yenye upana wa ukucha? Hakuna atakayeyasoma, kwa sababu safu hizi hazitumiki moja moja. Zinashonwa kama ukili. Zishone nne nne, vichochoro vya katikati vikimezwa humo humo, unapata safu tatu za kusomeka zenye milimita 55 kila moja. Sita sita, unapata mbili za 85. Tatu tatu, nne za 40. Gridi ni moja, lakini ukurasa wa makala ndefu unaweza kuwa na safu mbili, wa habari fupi tatu, wa ratiba na bei nne, na kingo za kurasa zote zikaendelea kukutana mahali palepale. Namba 12 imependwa na wasanifu kwa sababu hiyo tu: inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6.

Urefu sasa, na hapa wengi wanaanzia pabaya. Wanagawa urefu wa ukurasa kwa rula, kisha wanalazimisha maandishi yaenee. Anza na maandishi. Yape herufi za pointi 9.5, na kutoka mstari hadi mstari hesabu pointi 12. Pointi ni kipimo cha wapiga chapa. 72 zinafanya inchi moja, kwa hiyo 12 ni milimita 4 na robo hivi. Ukiacha milimita 20 juu na 27 chini, unabaki na 250, nazo zinatosha mistari 59.

Kwa nini 59, namba isiyogawanyika kwa chochote? Nilipofundishwa hili niliona kama mazingaombwe, na bado linanifurahisha. Kila ghorofa inahitaji mstari mmoja mtupu wa kuitenga na inayofuata, isipokuwa ya chini kabisa, ambayo haina ya kutengwa nayo. Iazime ghorofa hiyo mstari mmoja na 59 inakuwa 60. Na 60 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5 na 6, ndiyo maana hata saa tunaikata nusu, robo na theluthi bila taabu. Kwa hiyo ukurasa wetu wa mistari 59 unatoa ghorofa sita za mistari 9, au tano za mistari 11, au nne za 14, au tatu za 19, au mbili za 29. Zote kamili, hakuna nusu ya mstari iliyobaki inaning'inia.

Hesabu hii si yangu. Mwaka 1962 msanifu wa Uswisi, Karl Gerstner, aliliandalia jarida la Ujerumani liitwalo Capital gridi ya vipimo 58 kwa 58. Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani ni fumbo. Gerstner aliacha vipimo viwili kati ya safu na safu. Viongeze juu ya 58 nawe umerudi penye 60. Safu mbili zinapata vipimo 28 kila moja, tatu zinapata 18, nne 13, tano 10, sita 8. Shika kalamu uhakikishe. Ukilielewa hilo umeelewa kiini cha gridi: mtu alikaa akahesabu mara moja, vizuri, ili kila toleo baada ya hapo watu wasihangaike tena.

Ukurasa mmoja kwa karibu

Tuseme habari ni ya wakulima wa mwani wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Una picha moja nzuri: maji yamekupwa, kamba zimetandwa kati ya vigingi, mama ameinama anafunga mwani. Una kichwa cha habari, maelezo ya picha, na maandishi.

Picha ipe upana wote, safu 12, na ghorofa tatu za juu kati ya sita. Hiyo ni milimita 175 kwa kama 123, umbo linalokaribiana sana na lile linalotoka kwenye kamera, kwa hiyo hukati kichwa cha mtu wala hukati kigingi. Ukingo wa juu wa picha uwe usawa wa juu ya herufi kubwa za mstari wa kwanza, na ukingo wa chini ukanyage mstari wa maandishi, kozi ya 29. Ghorofa ya nne ni ya kichwa cha habari peke yake. Kianzie kushoto kabisa, pale pale picha inapoanzia. Zimebaki ghorofa mbili, mistari 19.

Anayeanza ataona safu tatu za mistari 19 na kuzijaza zote. Mimi ningejaza mbili. Hizo zinabeba maneno kama 190, na kama mwandishi ameleta 280 basi mazungumzo ni yangu na mhariri, si yangu na ukubwa wa herufi. Safu ya tatu ningeiweka maelezo ya picha juu yake, mistari minne mitano ya herufi ndogo zaidi inayofuata kozi zilezile, na chini yake pabaki peupe.

Najua mhariri atasema nini: karatasi ni pesa, pale pangeingia tangazo. Au mtu ataweka ua, au nembo, ili "pasipoe". Imani hii, kwamba kila chumba cha gridi lazima kiwe na mpangaji, ndiyo inayoharibu kurasa nyingi kuliko kukosa vifaa. Nafasi tupu inalipatia jicho mahali pa kupumulia na inaonyesha kipi kikubwa. Yule mama wa Paje ameinama peke yake kwenye ufuo mpana. Ukimzungushia vitu pande zote umemwondoa pwani ukamweka sokoni. Nafasi tupu ikae tu penye mpaka wa gridi, ili ionekane imeachwa kwa makusudi. Ikiachwa ovyo, nusu ya safu hapa na vidole viwili pale, hapo msomaji ataona ni upungufu.

Pale Kiswahili kinapodai haki yake

Mafunzo mengi ya gridi yameandikwa na watu waliokuwa wakipanga Kijerumani au Kiingereza. Kanuni zao ni nzuri, lakini lugha yetu ina maumbile yake, na ukiyapuuza gridi nzuri itatoa kurasa mbaya.

Kiswahili hubeba mengi katika neno moja. *Tutakapowasiliana* ina herufi 17. Katika ile safu ya milimita 40, mstari mmoja unachukua kama herufi 25. Neno moja limekula theluthi mbili za mstari! Ukilazimisha maandishi yanyooke kulia na kushoto, programu itayavuta maneno mawili yaliyobaki yaachane ili kuziba nafasi. Mashimo yanatokea. Mashimo ya mstari huu yakikutana na ya mstari wa chini, yanafanya mto mweupe unaoteremka katikati ya aya, na jicho linaufuata mto badala ya sentensi. Kwa hiyo safu nne ziwe za ratiba, orodha za bei na majina. Makala iwe safu mbili au tatu. Na kama safu ni nyembamba, panga maandishi yanyooke kushoto tu. Upande wa kulia uache upindepinde. Wapo wanaoona hivyo ni uzembe. Hata barua za mkono huandikwa hivyo, na hakuna aliyewahi kulalamika.

La pili ni kukata maneno mwishoni mwa mstari. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na sisi tunakata hapo: *mwanafu-nzi*, *ng'o-mbe*, *kita-mbaa*. Programu iliyoachwa kwenye Kiingereza haijui hilo. Itakuletea *mwanafun-zi*, *ng'om-be*, *kitam-baa*, na mtoto wa darasa la pili atajua umekosea. Mimi nikifungua faili jipya, kabla ya kitu chochote natazama lugha iliyowekwa. Kama Kiswahili hakimo, nazima ukataji wa maneno, nakata kwa mkono palipo na lazima.

La tatu ni mashairi. Majarida ya Kiswahili yamebeba mashairi ya wasomaji tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, na bado ni kurasa ambazo watu huzifungua kwanza. Chukua mshororo wa kawaida wa mizani 16, nimeutunga sasa hivi kwa mfano:

*Nawauliza wenzangu, mbona hamnipi jibu*

Ukihesabu herufi, alama na nafasi ni 38. Safu yetu ya milimita 55 inachukua kama 35. Maana yake *jibu* litaanguka mstari wa chini peke yake, na kila mshororo utafanya hivyo hivyo. Ubeti wa mishororo minne unakuwa mistari minane iliyovunjikavunjika, na kina cha mwisho, ambacho mtunzi alikihangaikia usiku kucha, kinapotea machoni. Nimeona mashairi mazuri yakiuawa namna hiyo. Yapeleke kwenye safu ya milimita 85: yanaenea na nafasi inabaki. Ukipenda zaidi, chukua upana wote, ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, uanzie ukingo wa kushoto, utao, yaani kipande cha pili, uanzie katikati ya ukurasa, vina vya kati na vya mwisho vishuke wima kama nguzo. Ukurasa wa mashairi katika jarida la Kiswahili ni wa safu mbili. Katika hili sitetereki.

"Lakini si itatufunga?"

Swali hili huja kila mara, na huja kutoka kwa wenye vipaji. Wanaogopa gridi itawafanya makarani. Mimi huwajibu kwa tarbia. Mizani minane hapa, minane pale, kina katikati, kina mwishoni, mishororo minne, na ndani ya umbo hilohilo kuna aliyelia, aliyeposa, aliyemtukana jirani kwa mafumbo na aliyemshukuru Mungu. Hakuna anayesema beti zote zinafanana. Asiyejua mizani anasikia tu kwamba wimbo unakwenda. Ukichechemea analisikia pia, hata kama hawezi kusema ni silabi ipi iliyozidi.

Katika majarida yenyewe ushahidi upo. Jarida la twen la Ujerumani Magharibi lilianza mwaka 1959, na msanifu wake Willy Fleckhaus alilijengea gridi ya safu 12. Kurasa zake zilikuwa na picha kubwa zilizokatwa kwa ujasiri na herufi nene kando ya nafasi tupu, na zikawavutia wasanifu wa nchi nyingi. Chini ya uhuru wote ule kulikuwa na mistari ile ile 12, toleo baada ya toleo.

Kuvunja gridi kunaruhusiwa, na kuna siku ni lazima. Picha inaweza kutoka nje ya pambizo ikafika ukingo wa karatasi, nukuu ikavuka mpaka wa safu. Ila msomaji atausikia mshtuko huo pale tu ambapo kurasa kumi za kabla yake zimetulia.

Na hili la gridi kuwa mtindo wa kizungu. Ni kweli kwamba Waswisi wa katikati ya karne ya 20 ndio walioifanya gridi kuwa somo lenye kanuni. Ni kweli pia kwamba Biblia ya Gutenberg, iliyochapwa Mainz miaka ya 1450, ina safu mbili, na kurasa zake nyingi zina mistari 42. Lakini wanakili wa Kiislamu, karne na karne, walitumia kitu kinachoitwa *mistara*: ubao au kadibodi iliyotandwa nyuzi zilizonyooka. Karatasi iliwekwa juu yake, ikasuguliwa kwa kidole, na nyuzi zikaacha alama hafifu ambazo kalamu ilizifuata. Mistari ya kupimia, isiyo na wino, asiyoiona msomaji. Neno letu *mstari* lina mzizi uleule wa Kiarabu. Na ukitazama hati za zamani za tenzi katika herufi za Kiarabu, utakuta vipande vya ubeti vimetengwa kwa nafasi au alama ndogo, vikishuka ukurasa mzima kama safu. Hatuazimi kitu kigeni. Tunaendelea na kazi ya waandishi wetu kwa vifaa vingine.

Kuhusu programu, usitishwe na bei. InDesign ni ya kulipia, Scribus ni ya bure, na zote zinakuruhusu kuweka pambizo, safu na mistari ya kozi kwa vipimo unavyotaka. Violezo vya bure vya mtandaoni navyo vina gridi ndani yake, ila imepimwa kwa maandishi ya mtu mwingine, mara nyingi ya Kiingereza, na kwa picha zake. Weka *tutakapowasiliana* ndani yake uone. Kwenye simu mambo ni mepesi zaidi: kioo ni chembamba, safu za kusomea zinakuwa moja, na kinachobaki cha kuangalia ni pambizo na nafasi kati ya mistari.

Ukitaka kujifunza kuliko maelezo yangu yote, tafuta jarida unalolipenda, rula, penseli, na karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, iliyokatwa ukubwa wa ukurasa. Iweke juu ya ukurasa wa kulia, tia alama ndogo kila mahali ambapo ukingo wa kushoto wa maandishi au picha unaanzia. Hamisha karatasi hiyohiyo kwenye ukurasa mwingine wa kulia, kisha mwingine, ufike hata sita. Alama zitaanza kurundikana. Pima kutoka rundo hadi rundo, toa upana wa kichochoro, hesabu safu. Kisha fungua ukurasa mwingine uliokupendeza bila kujua kwa nini, na tafuta kitu kimoja kilichosimama nje ya marundo hayo.